Aliyekuwa akilowesha ulezi ni mama. Krismasi ya kwanza bila yeye: twende Kilema au tubaki Dar?

Binti wa Kilema (28 Novemba)

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, na mnivumilie, maelezo yatakuwa marefu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, ni fundi cherehani, naishi Kimara. Kwetu ni Kilema, mkoani Kilimanjaro, ukishafika Himo unaanza kupanda mlima. Baba alitutoka mwaka 2011. Mama ametutoka Aprili mwaka huu. Maisha yangu yote nimekosa Krismasi ya nyumbani mara moja tu, mwaka niliojifungua kifungua mimba wangu tarehe 19 Desemba. Hata mwaka ule mama alinitumia kwa basi mkungu wa ndizi mshare na siagi kwenye kopo la maziwa ya unga, nipikiwe mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, nikiwa bado kitandani.

Kila mwaka, wiki ya pili ya Desemba, mama alikuwa anapiga simu. Hakuwa anauliza mnakuja lini. Alikuwa anasema, "Ulezi nimeshaulowesha," halafu anauliza kama Dar kuna mvua, halafu anakata. Sisi tulijua siku zimeanza kuhesabika, maana ulezi wa mbege, pombe yetu ya ndizi, ukishaingia majini hakuna kuahirisha. Mume wangu ni mtu wa Songea, lakini naye alishaizoea ile simu. Akisikia mama amepiga anatoka nje kukagua matairi.

Mwaka huu hakuna wa kupiga. Nashona sare za kwaya ya parokia yetu hapa, za Krismasi hiyo hiyo, na kila ninapokata kitambaa najikuta naangalia simu.

Nieleze kidogo ilivyokuwa, ili anayejibu aelewe ninachouliza. Tunafika tarehe 23 usiku, tumechoka, watoto wa Dar wanatetemeka kwa baridi. Mama ametuwekea maji ya moto, na kwenye jiko la kuni la nje kuna harufu ya ndizi mbivu zilizolala darini juu ya moshi. Tarehe 24 asubuhi mbuzi anachinjwa nyuma ya zizi. Wanaume wanapika kisusio chao, supu yenye damu ya mbuzi, sisi tunamenya ndizi. Mama alikuwa anatupaka mafuta ya kupikia viganjani kabla ya kushika kisu, utomvu usigande, na alikuwa anaanza na mikono ya mdogo kuliko wote. Jioni misa ya mkesha. Parokia ya Kilema ni ya zamani, wamisionari waliianzisha miaka ya 1890, na usiku ule watu wanajaa mpaka nje. Unakutana na mtu uliyesoma naye darasa la nne, yeye anatoka Mwanza wewe unatoka Dar, mnashikana mikono na hamwachiani mpaka wimbo wa mwanzo unaanza.

Tarehe 25 asubuhi ni mtori. Mchana pilau kwa ajili ya watoto. Alasiri wazee wa ukoo wanakuja kukaa kwenye benchi chini ya mringaringa, kata la mbege linaanza kwa mkubwa kuliko wote na kuzunguka. Usiku watoto wanakula kitawa, ndizi zilizopondwa na maziwa mgando, cha baridi kabisa, na wananyang'anyana ukoko wa machalari, ndizi zilizopikwa na nyama.

Tarehe 26 ni siku yetu ya matembezi. Tunakwenda kwa miguu mpaka Marangu, kwenye maporomoko ya Kinukamori. Mama alitembea na sisi mpaka mwaka juzi, na fimbo yake. Akifika pale anakaa kwenye jiwe na kusimulia habari za Makinuka, binti aliyepata mimba kabla ya ndoa, akaja pale kujitupa majini, akaghairi, na alipogeuka arudi nyumbani akakutana na chui. Nimeisikia hadithi hiyo zaidi ya mara thelathini na bado nywele zinanisimama.

Sasa hali ilivyo. Nyumba imefungwa, ufunguo uko kwa jirani. Mwenye kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba, kwa mila yetu ni mdogo wetu wa mwisho, kitinda mimba, lakini yuko Mwanza na mkewe ana kichanga cha miezi miwili. Dada yangu mkubwa yuko Arusha, na mimi na yeye hatujazungumza tangu Mei. Baada ya matanga aliuza ng'ombe wa mama bila kuniuliza. Ng'ombe yule nilimjua tangu ndama. Nilisema maneno mazito kwenye simu, naye akayarudisha, na tangu hapo ni kimya.

Mume wangu anasema tubaki Dar mwaka huu tupumue, tutakwenda mwakani. Hasemi kwa ubaya, anaona ninavyolia. Watoto wanauliza kila siku. Mimi mwenyewe sijui. Naogopa kufungua ule mlango na kukuta jiko limepoa. Na hata nikienda, sijui kutengeneza mbege, sijawahi kulowesha ulezi hata siku moja. Nina miaka 43 na mtori wangu haufanani na wa mama hata kidogo, unakuwa kama uji.

Mliofiwa na mama, mwaka wa kwanza mlifanyaje? Na wanaojua mapishi, naombeni mnielekeze kama mnavyomwelekeza mtu asiyejua kitu.

Mtoto wa Kinondoni (28 Novemba)

Pole sana dada. Mimi mama yangu alifariki Oktoba, na Desemba ile tulibaki Dar. Siku ya Krismasi tulikwenda misa ya asubuhi, tukala nyumbani kuku na wali wa nazi, jioni tukawapeleka watoto Coco Beach. Tukanunua mihogo ya kukaanga na mishikaki, tukakaa mchangani mpaka giza. Hakuna aliyelia mbele ya watoto, na mdogo wangu alilala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Kwa hiyo usijilaumu mkibaki. Mtu aliyechoka akilazimishwa kusafiri kilomita 560 anaweza kwenda kugombana huko huko. Ila nikuambie ukweli wote: mwaka wa pili tulipokwenda, nyumba ilikuwa imekaa miezi 14 bila moto jikoni. Panya walikuwa wamemaliza magodoro, na kitabu cha nyimbo cha mama, chenye maandishi yake pembeni, kilikuwa kimeliwa na mchwa. Ukibaki, basi mtume mtu akafungue madirisha na kutoa vitu vya mama vya karatasi na vitambaa mahali pakavu. Hilo usiliache.

Mkamwana wa Machame (29 Novemba)

Mdogo wangu, pole. Mimi si Mchagga kwa kuzaliwa, ni Mgogo wa Kongwa, nimeolewa Machame mwaka 1998, na haya yote nimefundishwa na mama mkwe nikiwa mtu mzima. Kwa hiyo usiseme umechelewa.

Mtori wako unakuwa uji kwa sababu mojawapo kati ya hizi: unatia maji mengi tangu mwanzo, au ndizi zako si za mtori. Mimi nikiwa Dar nakwenda soko la Mahakama ya Ndizi pale Mabibo asubuhi sana na ninaomba mshare, sitaki bukoba wala mzuzu. Nyama chukua mbavu zenye mfupa, kilo moja kwa ndizi kama ishirini. Chemsha nyama peke yake na chumvi na kitunguu mpaka ianze kuachia mfupa. Ndizi menya na uziloweke kwenye maji yenye limao zisiwe nyeusi. Kisha ziingie kwenye ile supu, na supu izifunike kwa kidole kimoja tu, usiongeze. Zikiiva toa mifupa yote, chunguza kwa vidole maana vipande vidogo vinajificha, ndipo uponde na mwiko. Kuponda ndiyo kazi yenyewe. Wengi siku hizi wanasaga kwa mashine na inatoka laini kama gundi. Mama mkwe alikuwa anataka vibonge vidogo vibaki, vya kukutana na ulimi. Siagi inaingia wakati unaponda, sufuria ikiwa bado motoni.

Mbege sasa. Hapa ndipo siku zinapohesabiwa, na ndiyo maana mama yenu alipiga simu wiki ya pili. Ulezi unalowekwa siku kama tatu. Unatolewa, unafunikwa kwa majani ya migomba siku nyingine tatu mpaka uchipue. Unaanikwa, unasagwa, ndio kimea. Wakati huo huo ndizi mbivu zinachemshwa kwa masaa mengi mpaka zigeuke rangi nyekundu, zinawekwa kwenye pipa kuchacha karibu juma zima. Ndipo zinachujwa, unapika uji mwepesi wa kile kimea, unaupoza, unachanganya. Gome la mti wa msesewe linatiwa la kuipa uchungu wake, na hilo usijipimie, mwachie anayejua. Kesho yake inanyweka. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka tarehe 25 utaona ulezi lazima uwe majini tarehe 12 au 13.

Kwa hiyo ushauri wangu si kwenda au kubaki. Ushauri wangu ni umpigie yule jirani mwenye ufunguo, leo, umuulize kama mama alimwachia mbegu yoyote ya mkono wake. Jirani wa miaka mingi anajua jiko la mwenzake kuliko watoto wa mwenye jiko. Ukienda, nenda mapema uikute kazi. Ukifika tarehe 23 kama mgeni utaikuta nyumba tupu na utalia. Ukifika tarehe 11 utakuwa unamenya na kubeba kuni, na utalia pia, lakini mikono ina kazi.

Na ukifika niulizie jambo moja: je, Kilema mnatia maziwa kwenye mtori, au siagi tu? Machame tuna ubishi mkubwa, mawifi zangu wawili hawakubaliani mpaka leo.

Dereva wa Msata (29 Novemba)

Nimeendesha njia hiyo kila Desemba kwa miaka 19, nichangie upande wa safari tu.

Usisafiri tarehe 22 hadi 24 kama una namna nyingine. Ikibidi, toka Kimara saa kumi alfajiri, na badala ya kupita Kibaha na Chalinze zunguka Bagamoyo utokee Msata. Ni lami yote na unakwepa foleni kubwa. Kunyweni chai Korogwe au Mombo, watoto wakimbie kidogo waone milima ya Usambara. Machungwa nunua karibu na Segera. Kipande cha Same hadi Mwanga ndicho kinachochukua watu: barabara imenyooka, jua kali, tumbo limeshiba, dereva anasinzia bila kujua. Hapo badilishaneni usukani. Vibao vya 50 vijijini viheshimu vyote, na si kwa sababu ya trafiki tu. Desemba watoto wa vijijini wamefunga shule, wako barabarani.

Kama unatangulia na watoto wachache, fikiria treni. Ya abiria ya Dar hadi Moshi ilirudi Desemba 2019 baada ya kama robo karne kusimama. Inakwenda polepole, unalala njiani, lakini unashuka Moshi miguu ikiwa haijavimba. Tiketi za Desemba zinawahi kuisha, kata mapema.

Meku wa Rombo (30 Novemba)

Mwanangu, shikamoo yako nimeipokea hata kama hukuiandika. Nina miaka 71, niko Mkuu Rombo.

Nimesoma habari yako mara mbili. Umeandika mengi juu ya ndizi na ulezi, na habari ya dada yako umeipitia kwa mistari mitatu. Ninavyoona mimi, hapo ndipo mlango unaoogopa kuufungua ulipo.

Kwetu huku mlimani, mtu akimkosea ndugu yake anakwenda na jani la isale, mmea wetu wa kuombea msamaha. Unalijua, limepandwa kwenye mipaka ya kihamba chenu na bila shaka kwenye kaburi la baba yenu. Anayepelekewa isale hana ruhusa ya kukataa kusikiliza. Anaweza kuwa na uchungu, anaweza kudai maelezo, lakini hawezi kukufukuza. Wazee hawakuliweka jambo hilo kwa ajili ya watu wanaopendana, waliliweka kwa ajili ya siku kama hizi zenu. Wewe ni mdogo, na maneno mazito ulianza wewe kwa kauli yako mwenyewe. Wewe ndiye wa kulichuma.

Habari ya mbuzi, mgao unatofautiana ukoo na ukoo, usifuate ya mtandaoni. Muulize baba mdogo au mzee aliyebaki, na mumwite tarehe 24 kabla kisu hakijashika nyama. Mzee akiitwa baada ya nyama kukatwa ameitwa kula tu. Na mwaka huu wa kwanza, mpelekeni padre nia ya misa ya mama mapema, maana orodha ya Desemba inajaa.

Watoto wasikae siku zote jikoni na vilio. Kama wana nguvu, watembezeni kutoka Lango la Marangu kuelekea Mandara, kama kilomita 8 ndani ya msitu, kituo kiko mita 2,720 juu ya usawa wa bahari. Hata wakiishia nusu ya njia watawaona mbega. Au waleteni huku kwetu Rombo waone Ziwa Chala, maji yamekaa chini ndani ya shimo la volkano, nusu yetu nusu ya Kenya. Wasiogelee tu, waangalie kutoka juu.

Binti wa Kilema (2 Desemba)

Shikamoo Meku. Aika, asante sana. Nimelia nikisoma, halafu nikakaa nikaona ni kweli.

Nimempigia jirani. Hakunipa hata nafasi ya kueleza. Akasema ulezi wa mama upo, debe moja, alimwachia Februari alipoanza kuugua na akamwambia, "Huu ni wa Desemba." Hakuniambia kabla kwa sababu alisubiri mmoja wetu aulize.

Ninakwenda. Nimekata tiketi mbili za treni za tarehe 10, mimi na binti yangu wa miaka 14. Mume wangu na wale wadogo watafuata kwa gari tarehe 20, kwa njia ya Bagamoyo. Kaka anakuja peke yake, mkewe na mtoto wabaki mpaka mwakani. Sare za kwaya nitashona usiku nizimalize. Dada bado sijampigia.

Binti wa Kilema (6 Januari)

Wakuu, heri ya mwaka mpya. Wengi mmeniandikia pembeni kuuliza, naleta mrejesho hapa hapa.

Tulishuka Moshi asubuhi, tukapanda haisi hadi Himo, kisha nyingine ya kupanda. Jirani alikuwa ametangulia, amefungua madirisha na kuwasha moto jikoni. Niliposhuka kwenye haisi nikaona moshi juu ya migomba yetu, na kwa sekunde chache nilisahau kwamba mama hayupo. Nikakumbuka tena nikiwa getini. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko nilivyoogopa, sitawaficha.

Ulezi tuliulowesha tarehe 12. Nilikuwa nimepanga nimpigie kila mtu simu niseme yale maneno ya mama. Nilishika simu, nikashindwa kuyatamka. Nilimpigia dada nikamwambia tu, "Niko nyumbani, njoo na blanketi, kuna baridi." Akanyamaza muda mrefu, akasema, "Nitakuja tarehe 19 nikusaidie ndizi."

Siku aliyokuja nilichuma isale kwenye mpaka wa chini, karibu na mfongo, mfereji wa maji, nikampokea nalo barabarani. Hakuuliza chochote. Alilipokea kwa mikono miwili, akaniegemea begani tukalia hapo hapo njiani mpaka watu wa bodaboda wakapunguza mwendo. Usiku akaniambia yule ng'ombe alikuwa hakatiwi majani, alikuwa anakonda mbele ya macho yake, na fedha yake yote ipo hajaigusa. Bado nadhani alipaswa kuniuliza, na hilo nimemwambia, amekubali. Fedha tumeitumia kujengea kaburi la mama kando ya la baba.

Mbege haikutoka kama ya mama. Kulikuwa na mawingu siku nne mfululizo, ulezi ukachipua nusu nusu, nusu ukaoza. Jirani akaleta kimea chake kujazia. Wazee waliinywa, wa kwanza akaiweka kata chini akasema imekaa sawa ila haina uchungu wa kutosha. Alikuwa sahihi, msesewe niliuogopa. Binti yangu ameandika kila siku na kila kipimo kwenye daftari lake la sayansi, na mwakani anasema ataweka ulezi ndani karibu na jiko mvua ikinyesha.

Baba mdogo alikuja kabla ya kisu, Meku, kama ulivyosema. Alisimama akamwelekeza kaka hatua kwa hatua, na kaka yangu ambaye ni mhasibu wa Mwanza alikuwa anaitikia kama mtoto wa shule.

Tarehe 26 mvua ilinyesha mpaka saa nne, kisha mlima ukajifungua wote, theluji mpaka chini kidogo ya kawaida. Tukatoka. Wa mwisho wangu ana miaka mitano, nusu ya njia alibebwa mgongoni na baba yake. Tulipofika Kinukamori watoto wakakaa kwenye jiwe la bibi wakasubiri hadithi. Nikaanza mimi. Nilipofika kwa chui nikasema Makinuka alirudi nyuma kwa woga akateleza akaanguka majini, ndivyo mama alivyonisimulia mimi. Dada akanikatiza. Kwake, mama alisema chui alimtazama yule binti, akageuka, akaenda zake, na binti akarudi nyumbani kujifungua. Tukatazamana. Dada alipata mtoto wake wa kwanza akiwa kidato cha tatu, kabla ya ndoa, mwaka 1994. Mimi nilikuwa mdogo, nilikuwa sijawahi kulifikiria.

Kaka akasema kwake yeye mama alikuwa anaishia pale binti anapogeuka, hasemi tena.

Watoto wakauliza ipi ya kweli. Dada akawaambia pale Marangu wanasimulia kama nilivyosimulia mimi. Halafu akarudia ya kwake tangu mwanzo, polepole, kwa sauti ya mama kabisa, na hata mume wangu alikaa chini kusikiliza.

Tumeondoka tarehe 3. Ufunguo umebaki kwa jirani, pamoja na debe jipya la ulezi tulilonunua Himo. Dada amechukua kata la mama kwenda nalo Arusha, mimi nimechukua mwiko.

Mkamwana wa Machame, swali lako nimelifikisha. Jirani anasema mama alikuwa anatia vyote viwili: siagi wakati wa kuponda kama ulivyosema, na maziwa kikombe kimoja cha chai mwishoni, baada ya kuepua, supu ikiwa imetulia, maana yakiingia sufuria ikiwa inachemka yanakatika. Nimejaribu jana hapa Kimara kwa mshare wa Mabibo. Vibonge vimebaki.